Daluga za Kizibo

Kabla hakujapambazuka nilisikia daluga zikigongwa kwenye mwimo wa mlango. Ko, ko. Kimya kidogo. Ko, ko.

Sauti ile niliifahamu. Kila siku ya mechi mume wangu, Rweyemamu, alikuwa akizigonga daluga zake hivyo ili udongo mkavu utoke katikati ya njumu. Lakini siku ile hapakuwa na mechi. Tulikuwa Kishanda, kwenye kibanja cha marehemu baba yake, mbali na uwanja wowote, na tangu alipomvunja Mustapha mguu alikuwa hajazigusa daluga zile hata kwa kidole.

Nilijitanda kanga nikatoka. Alikuwa ameketi kizingitini, daluga moja mkononi, nyingine katikati ya magoti.

"Unakwenda?" nikamwuliza.

"Nakwenda."

"Na katazo la Ta Rugemalira je?"

"Ta Rugemalira amelala," akasema. "Nikikaa hapa Mustapha atakufa. Nikienda, wanasema atakufa. Basi acha nikamwone."

Sikumwuliza tena. Nilikwenda jikoni nikafunga ebitoke, zile ndizi zetu za kupikwa, zilizobaki jana kwenye jani la mgomba, maana tangu jana hakuwa ametia kitu kinywani. Mustapha alikuwa amelala kwao Kibeta, kule Bukoba, na mguu wake ulikuwa unaoza. Daktari alikuwa amesema usipokatwa utamwua. Mustapha alikuwa amekataa, akasema hautakatwa mpaka Rweyemamu aje amwambie kwa mdomo wake mwenyewe. Na Rweyemamu, aliyempenda kuliko ndugu wa tumbo moja, alikuwa hajakanyaga kwake hata mara moja.

Anayesikia hivi tu atamwona mume wangu ni mtu wa moyo mgumu. Hakuwa hivyo. Ngoja nieleze walikotoka.

Mzee Burhani, baba yake Mustapha, alikuwa akiuza nguo kwenye magulio ya upande wa Muleba, na siku ambazo hapakuwa na chuo cha Kurani alikuwa akija na mwanawe. Watoto wa Kishanda walicheza mpira wa majani makavu ya migomba uliofungwa kamba. Mustapha aliwapita wote, mwembamba kama fimbo, mpaka akakutana na Rweyemamu. Rweyemamu hakuwa na mbio. Alisimama tu mahali ambapo mwenzake alitaka kupita. Siku ya kwanza walipogongana Mustapha alianguka akachubuka goti, na Rweyemamu akauacha mpira uende zake, akachuma jani akampangusa damu. Hadithi hiyo nilisimuliwa na Mustapha mwenyewe. Mume wangu hakuwa mtu wa kujisifu.

Walipokuwa vijana wakafanya omukago. Siku hizi watoto hawaujui, lakini zamani ndio uliowafanya watu wasiozaliwa pamoja kuwa ndugu. Huchukuliwa tunda moja la kahawa, ambalo ndani yake mna punje mbili zilizolaliana. Kila mmoja huchanjwa kidogo karibu na kitovu, punje hupakwa damu, na kila mmoja humeza punje yenye damu ya mwenzake. Kisha husema: nyumba yangu ni yako, chakula changu ni chako, sitaimwaga damu yako. Tangu hapo huyo ni munywani wako mpaka kaburini. Aliyewafanyia ni Ta Rugemalira, baba mdogo wa mume wangu. Rweyemamu alikuwa Mlutheri na Mustapha Mwislamu, kwa hiyo mmoja alimficha mchungaji na mwingine akamficha shehe, na siri hiyo nayo iliwafunga pamoja.

Nilipoolewa nilikuta Mustapha ni wa nyumbani. Alikuwa akiingia bila hodi, anafunua chungu, anasema, "Shemeji Kokuhirwa, maharage yako leo yamekuona ukiwa na haraka." Lakini alikuwa akila mpaka anamaliza.

Wakati huo tulikuwa tumehamia Kahororo, kwa sababu mume wangu alikuwa ameajiriwa kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Wenyewe walisema ameajiriwa kulinda ghala, lakini kila mtu mjini alijua anachokilinda. Kiwanda kilikuwa na timu, na Rweyemamu alilipwa kwa ajili ya kukaba. Sikuwa nimepata kumwona mtu anayekula kwa kazi ya kuwazuia wengine. Mama yangu, Ma Joviana, alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini. "Mama wee! Mume wako analipwa kwa kuwasumbua watu?"

Aliyemchukua ni fundi mkuu wa mitambo, Bwana Makenzi. Huyu hakuwa Mwingereza kama wengine, alitoka Australia. Mguu wake mmoja haukukunjika sawasawa. Alisema huko kwao alikuwa beki wa kulipwa mpaka goti lilipoharibika, lakini mpira wao una umbo la papai, na beki anaruhusiwa kuruka na kuudaka kwa mikono. Rweyemamu aliporudi nyumbani kunisimulia, Mustapha alikuwepo, akasema, "Sasa hapo refa anapuliza lini? Watu wanashika mpira, wanashikana wao wenyewe, hiyo si vita?" Bwana Makenzi alipoelezwa neno hilo alicheka sana, akasema ni kweli, ni vita, ila baadaye watu huoga.

Alikuwa akimfundisha jioni, baada ya mitambo kuzimwa. Alimwambia, "Usitazame mpira. Usitazame miguu. Usimtazame mtu usoni, uso unadanganya. Tazama kiuno. Kiuno hakiwezi kwenda pasipo mwenyewe." Na mume wangu alifanya kazi hiyo kama mtu anayepalilia. Hakupiga mtu wala hakutukana. Alisimama, akatazama kiuno, akautoa mpira kama unavyomtoa mtoto kijiko mkononi. Watu wakampa jina, wakamwita Kizibo, kama kile cha kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ikafika wakati wanawake sokoni wananipunguzia samaki bei wakisema, "Mpe mke wa Kizibo, mumewe alale ameshiba."

Mustapha yeye alikuwa fowadi wa timu ya mjini. Ilikuwa hivyo tu: asubuhi anakula kwetu, mchana wanakabiliana, jioni anarudi kumaliza kilichobaki.

Mwaka ule ambao ndio nauandika, watu wa Jimbo walikuwa wanakuja kuchagua wachezaji wa timu ya Jimbo la Ziwa, na wote wawili walitajwa. Katika mechi ya kwanza walipokutana, Mustapha alikuja mbio upande wa mume wangu, na nikamwona Rweyemamu anavuta mguu nyuma. Niliona kwa macho yangu. Mustapha akapita, akafunga. Kelele za siku ile! "Kizibo kimetoboka!" "Munywani wako amekununua kwa pilau!" Mzee mmoja, Ildefons, aliyekuwa akiuza karanga, alimtupia maganda.

Jioni Mustapha alikuja lakini hakuketi. Alisimama mlangoni.

"Rweye, umeniachia."

"Sikukuachia. Niliteleza."

"Wewe? Uteleze wapi? Mimi nakujua tangu mpira wa majani. Umeniachia kwa sababu ya omukago."

Mume wangu akamsogezea kigoda.

"Nisikilize," Mustapha akasema. "Uwanjani sisi hatukumeza kitu. Ukiniachia tena, sitakula humu ndani. Goli la kupewa ni la mgonjwa. Mimi ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa."

"Basi nikabe. Hiyo ndiyo heshima yangu."

Ndipo akaketi, akasema, "Shemeji, leta hayo maharage, hasira imeniongezea njaa."

Mechi ya pili niliketi kwenye majani na wanawake wengine, upepo wa ziwa ukitupiga mgongoni. Mustapha alikuja kama kawaida yake, bega huku, jicho kule. Mume wangu hakumtazama usoni. Alitazama kiuno, akashuka. Mpira aliutoa safi kabisa, ukaenda nje. Lakini mguu wa Mustapha ulikuwa umenasa chini yake. Tulisikia sauti. Mwanamke aliyekuwa karibu nami aliziba masikio wakati ilikuwa imeshapita.

Refa hakupuliza. Haikuwa rafu. Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi, na Rweyemamu alikuwa amepiga magoti, ameushika ule mguu kwa mikono yote miwili, damu ikimpita katikati ya vidole. Wale wale waliomtukana mechi iliyopita walivua mashati yao kumfungia mgonjwa. Mhindi mmoja mwenye duka alileta gari lake bila kuombwa, wakamlaza juu ya magunia ya sukari, naye akasema, "Wacha sukari, wacha, twende." Na Mustapha, meno yakigongana kwa maumivu, alipokuwa anabebwa aligeuza kichwa akasema, "Safi, Rweye. Ilikuwa safi."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyosemezana.

Ta Rugemalira alizipata habari kabla ya siku mbili kwisha, akaja Kahororo kwa miguu, mzee wa umri ule. Hakuja kwa ubaya. Alimpenda Mustapha, alikuwa akimwita mwanangu. Alimkalisha mume wangu chini, akamshika mikono, akaigeuza na kuitazama kama vile bado ina damu.

"Umemwaga damu uliyoimeza," akasema. "Usikanyage kizingiti chake mpaka kidonda kikauke. Damu yake imo tumboni mwako. Ukimkaribia kidonda kikiwa wazi, ile iliyomo ndani yako itaiita ya kwake, nayo itatoka mpaka iishe. Umenisikia, mwanangu? Ukimpenda, kaa mbali."

"Waitu, baba yangu, nimesikia," mume wangu akasema.

Na akakaa mbali. Akaacha kazi, akanichukua na mtoto wetu mchanga, tukarudi Kishanda, ili asije akakutana naye hata kwa bahati mbaya. Watu wa mjini walisema ameona haya. Wengine wakasema anaogopa kudaiwa. Yeye aliamini kwamba kila siku anayokaa mbali ni siku anayompa Mustapha apone.

Bwana Makenzi alikuja mpaka Kishanda na gari lake, akaliacha barabarani, akapanda kilima na mguu wake ule. Nilimpa maji, akanywa amesimama, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili kama alivyoona watu wetu wanavyofanya.

"Nimekuja kukuchukua," akamwambia mume wangu. "Mimi nilimvunja mtu taya, huko kwetu. Kesho yake nilikwenda hospitali. Alinitukana, sijapata kutukanwa vile. Hakuweza hata kufungua kinywa, alinitukana na meno yamefungwa waya. Halafu tukanywa chai. Hakuna dawa nyingine, Rweyemamu. Unakwenda, basi."

"Kwenu hamkumeza damu, Bwana," mume wangu akasema.

Bwana Makenzi alilipapasa goti lake bovu. Hakucheka wala hakumwambia kwamba ni ujinga. Akasema tu, "Kazi yako ipo. Sitamwandika mtu mwingine." Akashuka kilima taratibu, akijishikilia migomba.

Mimi sikukatazwa. Nilikuwa nikipanda lori la kahawa na mtoto mgongoni, nakwenda Kibeta na ndizi, maziwa, na senene waliokaangwa msimu ulipofika. Mama yake Mustapha, Bi Mastura, alikuwa mtu wa maneno machache. Nikifika tu alikuwa akimpokea mtoto na kumwosha vumbi la njiani kabla hajaniuliza habari. Mzee Burhani alikuwa ameshafariki. Nyumba ilikuwa na yeye na Mustapha tu.

Mwanzo Mustapha alikuwa na utani wake. Nilipomweleza sababu ya Rweyemamu kutokuja, alicheka.

"Sheria hiyo ni ya wazee wa Kishanda, shemeji. Haijafika Kibeta. Mimi nilimeza kahawa, hakuna aliyeniambia habari za vizingiti."

"Anaogopa kukuua."

"Mwambie nitamshinda hata nikiwa kitandani. Aje."

Nikarudi nikamwambia. Mume wangu akauliza, "Kidonda kimekauka?" Nikasema bado. Akainamisha kichwa. Na kila nilipokwenda niliulizwa nimekuja na nani, na kila niliporudi niliulizwa kama kimekauka, mpaka nikaanza kuiogopa ile njia.

Kisha mguu ukageuka rangi. Daktari wa serikali alisema lazima ukatwe juu ya goti. Mustapha akakataa, akaomba arudishwe nyumbani. Muuguzi mmoja, Protase, alikuwa akija kila jioni baada ya kazi yake kukiosha kidonda, wala hakuwa ametumwa na mtu. Mara yangu ya mwisho kumwona Mustapha, chumba kilikuwa na harufu ambayo udi wa Bi Mastura haukuweza kuifunika. Uso wake ulikuwa umebaki macho.

"Kubali wakukate, shemeji," nikamwambia. Nilikuwa nalia. "Mguu ni kitu gani?"

"Wote wananiambia hivyo," akasema. Sauti ilikuwa imekwisha, nikainama ili nisikie. "Daktari anasema, mama anasema, shehe anasema. Hawajui mguu huu ulikuwa unafanya nini. Wanaona nyama tu. Rweye anajua. Ni yeye peke yake aliyeweza kuusimamisha. Yeye akiniambia ukatwe, nitajua anayesema anaelewa kinachokatwa. Mwambie aje aniambie yeye. Nitakubali siku hiyo hiyo."

Bi Mastura alinisindikiza mpaka njiani. Alinishika mkono akasema, "Mlete." Neno hilo moja tu.

Nilifika Kishanda jua linazama, nikamweleza mume wangu yote, sikubakiza. Alikwenda kwa Ta Rugemalira, akarudi. Mzee alikuwa ameuliza lile lile, kama kidonda kimekauka, na jibu likawa lile lile. Aliketi akitazama chakula mpaka kikapoa.

Ndipo alfajiri ile nikazisikia daluga.

Alizifunga kwa kamba zake, akazitundika begani. Nikamwuliza anazipeleka wapi. "Nitaziweka miguuni pake," akasema. "Nimwambie, mguu wako ukatwe, na mimi zangu hizi hapa. Kama wewe huchezi, mimi nitacheza na nani?"

Tulishuka gizani, mtoto mgongoni kwangu. Barabarani tulipata lori la kahawa, lakini lilisimama kila penye magunia, na kila liliposimama mume wangu alishuka kusaidia kupakia ili liondoke upesi. Dereva alipojua tunakokwenda aliruka vituo viwili vya mwisho. "Kahawa haifi," akasema. Mungu ambariki popote alipo, hata jina sikumwuliza.

Tulifika Bukoba jua limepanda. Mume wangu alitembea mbele, karibu anakimbia. Tulipopinda kuingia Kibeta tuliwakuta wanaume wa kanzu na kofia wanarudi kwa makundi, wanaongea chini chini, viatu vyao vina udongo mwekundu mbichi. Zahoro, aliyekuwa golikipa wa timu ya mjini, alimwona Rweyemamu, akasimama. Alitazama daluga zilizokuwa begani. Kisha akamkumbatia bila kusema neno, na wengine wakatupisha njia.

Mume wangu alizishika daluga zisigongane. Alisimama pale njiani kwa muda, kisha akaendelea kwenda, lakini sasa polepole, kama mtu aliyebeba maji.

Bi Mastura alikuwa ndani na wanawake. Alipoambiwa nani amekuja alitoka mpaka mlangoni. Rweyemamu alikuwa uani, amesimama hatua chache kutoka kizingitini.

"Karibu ndani," Bi Mastura akasema.

"Nisiingie, mama."

"Kwa nini?"

Akamweleza. Alimweleza kama mtoto anavyosema alilofundishwa, habari ya damu na kidonda na kizingiti, na jinsi alivyokuwa akingoja kikauke. Nilimtazama Bi Mastura, nikaogopa atakachosema, maana alikuwa na haki ya kusema lolote.

"Ilikuwa damu tu, mwanangu," akasema. "Nimeifua mimi kwenye mashuka. Haikumwita mtu. Aliyekuwa akimwita mtu ni yeye."

Hapo mume wangu akaanguka magotini, akalia, na sijapata tena kusikia mwanamume akilia vile. Bi Mastura alishuka uani bila viatu. Alimwinua kwa mkono, akamvusha kizingiti, wakaingia pamoja.

Kitanda kilikuwa kimeshatolewa godoro. Chini yake ilikuwapo daluga moja ya Mustapha. Ya pili waliikata hospitali siku alipovunjika ili kuutoa mguu. Rweyemamu aliziweka zake kando ya ile moja, na pale ndipo alipoziacha. Timu ya Jimbo iliondoka bila yeye, na Bwana Makenzi, aliyeiacha wazi nafasi ya mume wangu mpaka akahamishwa, alipokuja kuaga hakumtajia mpira. Alileta blanketi la mtoto.

Lakini siku ile tuliketi mkekani. Bi Mastura alileta kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akachukua punje chache kwa mkono wake, akaziweka kwenye kiganja cha mume wangu, akakifunga kwa vidole vyake. "Tafuna," akasema. Akatafuna, machozi yakimtoka.

"Aliondoka alfajiri," Bi Mastura akasema. "Adhana ilikuwa haijaisha. Aliuliza, hao wanaogonga ni nani? Nikamwambia hakuna anayegonga. Akasema, yupo."

Sikuthubutu kumtazama mume wangu.

Kisha yule mama akasema, "Sikupata kumwona akicheza. Wanawake wa nyumba hii hatuendi uwanjani. Nilikuwa nasikia kelele tu kutoka huku, nasema, labda ni yeye. Nieleze wewe. Alikuwa akicheza vipi?"

Rweyemamu alifuta uso kwa mikono. Kisha akasema kwamba Mustapha alikuwa akija kwa bega la kushoto na kupita kulia, watu wote walilijua hilo na bado aliwapita. Akasema kabla ya kugeuka alikuwa na kitu kama kusita, kidogo sana, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na ni hapo tu mtu alipoweza kumpata. Akaeleza siku ya mvua alipompita yeye mara mbili katika nafasi isiyotosha kuanika shuka. Akasimama katikati ya chumba, akaonyesha, kiuno huku, mguu kule, yule beki mzito akijaribu kuwa mwembamba. Bi Mastura alikuwa akitazama hafumbi jicho, na mara moja, naapa, alitabasamu. "Hivyo hivyo alikuwa akikimbia na uji mdomoni," akasema.

Wanawake waliaga mmoja mmoja. Mtoto wangu alikuwa amelala mapajani mwa Bi Mastura. Lori la mwisho la kurudi Muleba lilikuwa linakaribia kuondoka, nami nikamgusa mume wangu mkono. Bi Mastura alinirudishia mtoto, akatutoa mpaka pale pale kizingitini, akamshika Rweyemamu ukosi wa shati asije akaondoka upesi.

"Hujamaliza," akamwambia. "Hiyo ni mechi moja tu uliyonieleza, na alicheza miaka yote ile. Usinikalie mbali, mwanangu. Kidonda changu hakitakauka, usikingoje. Njoo tena."